Rahisi Ghali: Siri ya Wazazi wa Kamba Ambayo Kila Anayeuza Vifaranga na Mbegu Aijue



Kama unauza vifaranga vya kuku, vifaranga vya samaki, mbegu, miche au kamba wa friji kupitia WhatsApp na Instagram, swali hili unalijua vizuri: "Mbona fulani anauza nusu ya bei yako na mzigo ni ule ule?"

Mteja akishauliza hivyo, wengi wetu tunakwama. Tunashusha bei mpaka faida inaisha, au tunanuna na kumwambia aende huko huko.

Leo tunalijibu swali hilo kwa kutumia kamba. Naongelea kamba wa baharini, yule wa pilau na mchuzi wa nazi, wala sikufungi kamba. Biashara ya kuzalisha kamba imeshapitia balaa hili la "mzigo ule ule kwa nusu bei", na waliokula hasara walikula kweli. Ukielewa kilichowakuta, utajua cha kumjibu mteja wako, na pia utajua cha kumuuliza msambazaji wako kabla hujatuma hela.

Tulia usome taratibu. Ni ndefu kidogo.

1. Kamba wa kufugwa ni kamba gani?

Sehemu kubwa ya kamba wanaofugwa duniani leo ni wa aina moja: kamba mweupe wa Pasifiki, kitaalamu Penaeus vannamei. Kwao ni pwani ya Pasifiki ya bara la Amerika, kuanzia Mexico mpaka kaskazini mwa Peru. Kwa takwimu za FAO, mwaka 2020 walizalishwa tani karibu milioni 5.8. Hakuna mnyama mwingine wa majini aliyefugwa kwa wingi kumzidi.

Huyu si kamba wetu. Kwenye pwani yetu, kuanzia Ungwana kule Kenya mpaka Bagamoyo na delta ya Rufiji, wavuvi wanaleta kambamiti, yule mkubwa mwenye michirizi, na kamba mweupe wa Bahari ya Hindi. Sasa mgeni wa kutoka Pasifiki aliwezaje kuteka mabwawa ya Thailand, Vietnam, China na India, wakati nchi hizo zina kamba wao wa asili?

Jibu ni wazazi.

2. Shida ilianzia kwa mama

Mpaka miaka ya 1990, wafugaji wengi wa Asia walikuwa wanafuga kambamiti. Utaratibu ulikuwa hivi: mvuvi anaenda baharini, anakamata jike mwenye mayai, anamuuza kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga. Jike anataga, vifaranga wanauzwa kwa wenye mabwawa. Msimu ukiisha, mnarudi tena baharini kutafuta jike mwingine.

Inaonekana rahisi, maana bahari haidai ada. Ila hapo hujui mama katoka wapi wala kabeba nini.

Mwaka 1992 ukajitokeza mashariki ya Asia ugonjwa wa madoa meupe. Ni ugonjwa wa virusi. Hauna madhara kwa binadamu anayekula kamba, lakini bwawani ni moto: kamba wanaweza kufa karibu wote ndani ya siku 3 mpaka 10. Dawa ya kuutibu haipo. Na jike aliyekamatwa baharini anaweza kuwa na virusi hao akiwa anaonekana mzima kabisa. Ukimleta kituoni, umeleta ugonjwa mlangoni kwako kwa hela yako mwenyewe.

Wakati huo huo, kule Hawaii, taasisi ya Oceanic Institute ilikuwa na kazi tofauti. Chini ya mpango wa serikali ya Marekani ulioanza mwaka 1984, watafiti walichukua kamba weupe wa Pasifiki, wakawaweka karantini, wakawapima magonjwa yanayojulikana, wakawatoa wenye maambukizi, wakabaki na safi. Hao safi wakazaliana humo humo ndani. Watoto wao wakawa wazazi, na wajukuu wakawa wazazi. Kurudi baharini hakukuwa na haja tena.

Kwenye miaka ya mwanzo ya 2000, Thailand na majirani zake wakahama kutoka kambamiti kwenda kamba huyu. India ikaruhusu rasmi mwaka 2009, kwa sharti kwamba wazazi wanaoingizwa nchini wapite kwanza karantini kule Chennai.

Kilichowahamisha si ladha. Huyu mgeni wazazi wake walikuwa wanajulikana, na ukishamjua mzazi unaweza kumchagua.

3. Kuchagua wazazi kunafanyikaje?

Hapa ndipo unapoona bei inatoka wapi.

Kamba akizaliwa kifungoni, kazi ya kwanza ni kumtambua. Watoto wa mama mmoja na baba mmoja ni familia. Kituo kikubwa cha uzalishaji kinatunza familia nyingi kwa wakati mmoja, kila familia kwenye tangi lake, mpaka wafike ukubwa wa kuwekewa alama. Alama yenyewe ni rangi laini inayochomwa chini ya ganda, au kipete chenye namba kinachovishwa kwenye shina la jicho.

Baada ya hapo familia zote zinachanganywa bwawa moja, maji yale yale, chakula kile kile. Siku ya kupima, wanaangalia: familia ipi imekua haraka? Ipi imebaki na wengi wazima?

Kwenye magonjwa kuna ujanja mzuri. Huwezi kumwambukiza kamba virusi halafu ukamtumia kama mzazi, maana ameshachafuka. Kwa hiyo wanagawa familia. Baadhi ya ndugu wanapelekwa kwenye jengo lingine kabisa na kuambukizwa kwa makusudi. Ndugu waliobaki hawaguswi. Ukikuta familia fulani walioambukizwa wamepona wengi, unarudi kwa ndugu zao wasioguswa na kuwafanya wazazi. Unamjua mtu kupitia ndugu zake, kama wazee wanavyochunguza ukoo kabla ya kuposa.

Kazi hiyo inarudiwa kizazi baada ya kizazi, kwa daftari linaloonyesha nani mtoto wa nani. Daftari likipotea, mali imepotea, hata kama matangi yamejaa kamba.

4. Je, inalipa?

Inalipa. Utafiti wa Oceanic Institute uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba baada ya kizazi kimoja tu cha kuchagua, kamba waliochaguliwa kwa ukuaji walikuwa wakubwa kwa 21% kuliko wale ambao hawakuchaguliwa. Kundi lingine, lililochaguliwa zaidi kwa kuhimili ugonjwa wa Taura, lilipona kwa 18.4% zaidi ya wasiochaguliwa. Ugonjwa huu ulionekana kwanza Ecuador mwaka 1992, karibu na mto Taura, ndiyo maana ukaitwa hivyo.

Lakini utafiti huo huo ulikuta jambo jingine: familia zilizokuwa zinakua haraka zilielekea kufa zaidi ugonjwa ulipoingia. Ukivuta upande mmoja, upande wa pili unalegea. Kwa hiyo mzalishaji lazima aamue anamzalishia nani: mwenye maji safi anayetaka kamba mkubwa haraka, au mwenye maji yenye ugonjwa anayetaka wabaki hai.

Zingatia hilo. Msambazaji akikuambia mbegu yake "inakua haraka kuliko zote na haiugui kabisa", muulize imezalishwa kwa ajili ya mazingira gani. Akijibu "popote pale", shika simu yako vizuri, usitume hela bado.

5. Sasa tuje kwenye kopi

Jike mmoja wa kamba huyu anataga mayai 100,000 hadi 250,000 kwa mtago mmoja. Majike matano tu yanakupa mayai 500,000 hadi 1,250,000. Kwa hiyo mtu mwenye tangi na ujanja kidogo anafikiri: "Kwa nini ninunue wazazi wa gharama kutoka Hawaii? Naenda bwawani kwa jirani aliyenunua vifaranga wazuri, nachukua kamba wakubwa wachache, nazalisha mwenyewe. Nauza nusu bei."

Vituo vya namna hii vipo Asia. Na kwa macho, vifaranga vyao havina tofauti. Wadogo, wepesi, wanaogelea. Ukipiga picha ukaposti, huwezi kutofautisha.

Shida iko ndani. Kampuni nyingi zinazouza wazazi huwa zinapanga mauzo yao: madume yanatoka koo moja, majike koo nyingine. Ukiwapandisha, watoto wanatoka wazuri, hawana tatizo lolote. Lakini watoto hao kwa wao ni ndugu wa karibu sana. Jirani yako alinunua vifaranga wa kufuga na kula, hakununua wazazi. Ukiwachukua hao ukawapandisha wao kwa wao, unamwoza kaka kwa dada.

Ukimpandisha kaka na dada wa baba mmoja mama mmoja, kwa wastani robo ya jeni za mtoto, yaani 25%, zinakuwa jozi za nakala ile ile moja iliyotoka kwa babu au bibi. Ubaya wake ni huu: kila kiumbe kina nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu, nzima inaifunika, hata huoni kasoro. Zikiwa mbili na zote ni nakala ya kile kile kibovu, hakuna cha kufunika. Udhaifu unatoka nje.

Na hapa ndipo watu wanapopigwa: udhaifu huo hauonekani siku ya kwanza. Kamba wa namna hiyo wakiwa kwenye maji mazuri, ukuaji wao unapungua kidogo tu, unaweza kusema ni chakula. Ugonjwa mkali ukiingia ndipo wanapoanguka kuliko wengine. Mwaka 2016 mtaalamu wa jeni za viumbe vya majini, Roger Doyle, aliandika kuonya kwamba huenda kuzalisha ndugu kwa ndugu kwenye vituo vya kopi ni sababu mojawapo inayofanya magonjwa ya kamba yawe makali kiasi hicho.

Mkulima wa mahindi analijua hili bila kusoma jeni. Ukivuna mahindi chotara ukarudishia punje zake shambani msimu unaofuata, yataota, lakini hayatakuwa yale. Shamba linakuwa la kupanda na kushuka. Wanaouza vifaranga vya kuku chotara nao wanajua: ukiatamisha mayai ya kuku hao ukauza watoto wao kwa jina lile lile, mteja atarudi baada ya miezi mitatu, na hatarudi kununua.

6. Neno "safi" si neno "sugu"

Kwenye biashara ya kamba kuna herufi tatu utazikuta kila tangazo: SPF. Maana yake ni kwamba wazazi wamepimwa na hawana magonjwa fulani yaliyoorodheshwa. Basi. Haina maana kwamba hawawezi kuugua.

Ni sawa na mtoto aliyetoka kwenye nyumba safi isiyo na surua. Hana surua leo, ila kama hana kinga, akiingia kwenye darasa lenye surua ataipata kama wengine. Na usafi huo unategemea nyumba: kamba akitoka kwenye kituo kilicholindwa akatumbukizwa kwenye bwawa la wazi, huwezi tena kumwita SPF.

Usugu ni kitu cha kurithi. Usafi ni hali ya kiafya ya siku ile aliyopimwa. Tangazo linaloandika kimoja huku likikufanya uelewe kingine linakuuzia maneno.

Angalia na bidhaa zako. "Imethibitishwa" na nani? "Orijino" ya nani? "Daraja la kwanza" kwa kipimo gani? Kama huwezi kueleza neno lililo kwenye posti yako, lifute kabla mteja hajakuuliza mbele za watu kwenye komenti.

7. Ila Ecuador walichukua kamba wa bwawani, mbona walifanikiwa?

Swali zuri, maana kuna mtu ataleta mfano huu.

Mwaka 1999 madoa meupe yaliingia Ecuador. Mauzo ya nje ya kamba yakaanguka kwa zaidi ya nusu ndani ya muda mfupi. Wafugaji walifanya nini? Walichukua waliopona bwawani, wakawafanya wazazi. Msimu uliofuata tena, na tena. Mwaka 2022 Ecuador iliuza nje zaidi ya tani milioni 1 za kamba.

Tofauti yao na mtu wa kopi ni hii. Kwanza, walichukua waliopona baada ya ugonjwa kupita, si wakubwa watano kutoka bwawa zuri la jirani. Virusi ndio waliofanya usaili. Pili, walikuwa na mabwawa mengi na kamba wengi wa kuchagua, na kamba huyu ni wa kwao. Tatu, hawakurundika kamba bwawani, waliwapa nafasi. Nne, walilipa ada: miaka ya hasara kabla mambo hayajakaa sawa.

Kwa hiyo kuzalisha mwenyewe si kosa. Kosa ni kuzalisha kutoka kwa wazazi wachache usiowajua, bila kumbukumbu, halafu kuuza kwa jina la mwingine.

8. Hii inatuhusu vipi sisi wa huku?

Mwaka 2011 madoa meupe yaliingia mashamba ya kamba ya Msumbiji. Mwaka 2012 yakafika Madagaska. Hao ni majirani zetu, bahari ni ile ile moja. Na virusi hao hawachagui: kaa na kamba koche nao wanaambukizwa.

Kwa hiyo ukiona tangazo la vifaranga vya kamba "kutoka nje" kwenye mfuko wa plastiki, bila kibali cha mamlaka za uvuvi na bila karatasi ya maabara, usifikirie faida yako tu. Fikiria mvuvi wa Rufiji ambaye hana habari na tangazo hilo. Kuingiza viumbe hai vya majini bila kibali ni kosa, na ukinaswa na mzigo, "nilikuwa dalali tu" haikusaidii.

9. Maswali matano ya kumuuliza msambazaji

Tumia haya kwa vifaranga, mbegu, miche, chochote kinachozaa au kuota:

1. Wazazi ni akina nani, na walitoka wapi? Nataka jina la aina na chanzo, si "ni wazuri sana bosi".
2. Hiki ni kizazi cha ngapi tangu kwa mzalishaji mkuu? Ni watoto wa wazazi wenyewe, au ni watoto wa waliofugwa?
3. Mmetumia wazazi wangapi, na madume na majike wametoka koo tofauti?
4. Karatasi ya kipimo ipo? Imepima ugonjwa gani, tarehe ngapi, na ni ya mzigo huu au wa mwaka jana?
5. Naomba mteja mmoja aliyefuga mpaka kuvuna. Walibaki wazima wangapi kati ya mia?

Msambazaji mkweli atajibu matatu vizuri na mawili atasema "ngoja nikuulizie". Huyo unaweza kufanya naye kazi. Anayekasirika kuulizwa ameshakujibu.

10. Na mteja wako umjibu nini?

Akisema "fulani ana nusu bei", usimtukane fulani. Mwandikie hivi: "Asante kwa kuuliza. Vifaranga vyangu wazazi wao wametoka sehemu fulani, ni kizazi cha kwanza, na karatasi hii hapa. Ukipata zenye maelezo haya kwa bei ya chini, chukua, hata mimi niambie nikanunue." Halafu tuma picha ya karatasi. Basi, usiongeze maneno.

Na wewe unayeuza kamba wa friji, mteja akikuuliza "hawa wa kufugwa si wamebadilishwa jeni?", mjibu kwa utulivu. Kuchagua wazazi si kuingiza jeni ngeni maabara. Ni kazi ile ile mfugaji anayofanya akimwacha dume bora la mbuzi na kuuza mengine, ila hapa kuna daftari na vipimo. Na kama kamba wako ni wa kuvuliwa Bagamoyo au Malindi, sema ni wa kuvuliwa. Kama ni wa kufugwa kutoka nje, sema hivyo hivyo. Wote wana wateja wao.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza vifaranga. Kwenye komenti tuandikie unauza nini, na swali gani kati ya yale matano msambazaji wako alishindwa kulijibu. Tutayapitia pamoja posti ijayo.